Maswali ya Mwalimu Edina

Uvimbe wa kwanza niliuona nikiwa najifunza namna ya kukaa. Dada yangu Hawa alikuwa amekuja kutoka Manzese, ameketi kitandani kwangu kana kwamba yeye ndiye jopo zima la chuo. Mie nilikuwa kwenye stuli mbele ya kabati la kioo, mgongo wima, mikono mapajani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yalikuwa mazuri, na chuo kimoja cha udaktari kilikuwa kimeniita kwenye usaili. Hawa ana saluni, kutwa kazi yake ni kuzungumza na watu, na siku hiyo alikuwa ananifundisha kumtazama mtu usoni bila kupepesa.

"Kwa nini unataka kuwa daktari?" akauliza kwa sauti nzito ya kuigiza.

Nikainua kidevu nijibu. Kwenye kioo nikaona kitu juu ya mtulinga, upande wa kushoto wa shingo. Kilikuwa kama kokwa la zambarau lililofichwa chini ya ngozi.

"Hicho nini?" Hawa akasogea, akakigusa kwa kidole.

"Sijui. Hakiumi."

"Kama hakiumi si kitu. Haya, jibu swali."

Nikajibu, tukaendelea hadi alasiri. Basi hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka kukwambia wewe unayesoma haya ukiwa na kokwa lako mahali fulani mwilini: kisichouma nacho ni kitu. Nenda ukakionyeshe.

Mie naitwa Somoe. Nyumbani ni Mbagala Charambe, ingawa wazee wangu wote wawili walitokea Lindi. Baba ni seremala, karakana yake iko Keko. Mama anakaa nyumbani, analea wadogo zangu na kupika vitumbua vya asubuhi. Naandika mambo haya sasa kwa kuwa kipindi kile, kila nilipotafuta mtu wa kunieleza kitakachonipata, nilipata watu wa kunieleza ugonjwa tu. Kuhusu ugonjwa wenyewe utaambiwa na wanaoujua.

Wiki zilizofuata nikaanza kuwashwa. Niliwashwa miguu, mgongo, viganja, nikijikuna hadi kutoka damu, na ngozi haina hata kipele. Usiku mashati nikayaloweka kwa jasho wakati wenzangu wamejifunika shuka. Zahanati ya kwanza wakasema ni tezi za kifua kikuu, maana wengi wenye uvimbe wa namna ile huwa ni hicho. Nikameza vidonge, mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, kokwa likawa mawili, kisha matatu. Mwishowe tukapewa rufaa, nikaambiwa nitakatwa kinyama kidogo shingoni kikapimwe.

Siku niliyopangiwa kukatwa ndiyo ilikuwa siku ya usaili. Baba alipiga simu chuoni, amesimama kwenye korido ya hospitali, akimwambia mama mmoja wa huko, "Binti yangu hatoweza kuja, yuko chumba cha upasuaji." Yule mama akampa pole na kumwambia nijaribu mwaka unaofuata. Mie nililala chini ya taa kubwa, nusu ya uso imefunikwa kitambaa cha kijani, nimechomwa ganzi, nikisikia mkasi unavyofanya kazi karibu na sikio langu. Kichwani nilikuwa bado najibu. Kwa nini unataka kuwa daktari? Kwa nini si nesi? Utawasaidiaje watu wa kwenu? Maneno niliyoyakariri yalikuwa yanatoka yenyewe, kama redio iliyosahauliwa kuzimwa kwenye nyumba isiyo na watu.

Majibu yalipotoka tuliingia watatu, baba, mama na mie. Daktari alikuwa kijana. Alisema neno "saratani" akiwa anaangalia viatu vya mama. Akasema ni ya tezi, akasema ni katika zile zinazotibika, akasema tuanze mapema. Baba alikuwa anatazama mlango. Akanyoosha mkono, akapapasa pale ubao unapokutana na ubao, akasema taratibu, "Huu umepinda."

Jioni hiyo mama alikuwa anasugua sufuria uani, nikaenda nimsaidie. Akasema bila kuinua kichwa, "Uliitamani hospitali, mwanangu. Sasa nayo imekutamani."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kumkasirikia. Maneno yale yalikaa nami mwaka mzima. Yalipanda nami ngazi za hospitali, yakalala nami wodini, na mpaka leo yapo siku nayasikia nikiwa nasuuza chombo.

Majirani mama aliwaambia nina vidonda vya tumbo. Akatukataza sote kusema vinginevyo. Kwa hiyo walikuwa wakinipita barazani na kuniambia, "Pole Somoe, usile pilipili," nami nawashukuru.

Mvua za vuli zilipoanza, nami nikaanza dripu. Ilikuwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Nikwambie habari ya benchi, maana ugonjwa huu sehemu yake kubwa ni benchi. Unafika alfajiri, unatoa damu ipimwe, unasubiri majibu ya damu, unasubiri daktari aseme damu inatosha, unasubiri dawa ichanganywe, ndipo unasubiri kiti. Watu hawaulizani majina. Unawajua kwa chupa zao za uji na kanga zao. Mama wa chupa ya bluu. Baba wa koti. Alhamisi mtu asipoonekana, kila mmoja anatazama mahali pake na hakuna anayeuliza, kwa sababu anaweza kuwa amebadilishiwa siku.

Mwalimu Edina nilimjua kwa kuwa alinikemea. Nilikuwa kwenye kiti cha dripu, macho nimeyafumba, nikinong'ona majibu yangu ya usaili. Ilikuwa njia yangu ya kutotazama dawa nyekundu ikishuka kwenye mrija.

"Binti," sauti ikasema kutoka kiti cha pembeni, "kama unasali, sali. Kama unasoma, soma kwa sauti. Huko katikati unanichosha."

Nikafumbua macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo," nikasema. "Samahani. Najiandaa na usaili."

"Marahaba. Usaili wa nini?"

"Chuo cha udaktari."

Akacheka kidogo hadi akashika ubavu. "Humu ndani? Umechagua darasa. Haya, nambie, kwa nini unataka kuwa daktari?"

Nikamwagia jibu lote, lile la Hawa, lenye kuwasaidia wanyonge na kuitumikia nchi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umejibu vizuri kwa mtu aliyekariri," akasema. "Mimi nimefundisha baiolojia miaka mingi. Najua sauti ya mwanafunzi anayesoma kilichoandikwa ndani ya kope zake. Alhamisi yetu ijayo uje na jibu lako mwenyewe."

Alikuwa anatokea Bukoba, ameolewa, anaishi Segerea na mumewe na mtoto wao wa kike, Alinda. Ugonjwa wake haukuwa sawa na wangu, lakini siku zetu zilikuwa moja. Tangu hapo kila Alhamisi ya dripu alinisaili. Aliuliza akiwa amelaza kichwa, macho kwenye dari, na nikikosea alitikisa mkono ule usio na sindano. Mgonjwa amekataa dawa kwa kuwa ameota ndoto mbaya, utafanyaje? Mwenzako kakosea na mgonjwa kaumia, utamwambia nani kwanza? Umechoka, hujala, na mlangoni kuna foleni, utampa wa mwisho kile ulichompa wa kwanza? Katikati ya wiki alinitumia maswali kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kulimuumiza vidole. Kila ujumbe ulianza vilevile: "Somoe. Swali la leo."

Mwili ulikuwa unabadilika kila Alhamisi. Nywele zilianza kubaki kwenye mto. Hawa akaja na mashine yake ya saluni, akaninyoa uani, akiongea mfululizo habari za wateja wake na ishu zao za waume, na nilipoinua uso nikaona machozi yanamtiririka hadi kidevuni na mdomo haujaacha kuongea. Kucha zikapata mistari myeusi. Mshipa wa mkono wa kulia ukawa mgumu kama kamba ya katani, ukiugusa hauzami. Chakula kikawa na ladha ya sarafu. Na ile dawa nyekundu ikanivurugia vitu vingine kabisa. Siku moja katika Ramadhani, wakati wa kufuturu, mdogo wangu alinimiminia juisi ya rozela. Nilipoiona tu kwenye glasi nikatapika pale pale mkekani, mbele ya futari ya watu wote. Ikafika mahali hata harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ile ya hospitalini, nikiisikia kwenye nguo za mtu dukani, nakimbilia nje kutapika.

Nilimwambia Mwalimu Edina. "Mtu anayetapika akinusa hospitali atakuwaje daktari?"

"Hilo swali zuri," akasema. "Ila aliyetakiwa kuuliza ni mimi."

Lakini mambo madogo ya huruma nayo yalikuwepo, sitaki nikuache gizani tupu. Nesi mmoja mrefu alikuwa akipasha mkono wangu kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya kutafuta mshipa. Baba wa koti aliniachia kiti chake cha dirishani bila maneno. Na baba yangu, kila nilipotoka kwenye dripu, nilimkuta nje amesimama na ndimu mbili zilizokatwa, za kunusa, kwa kuwa aliwahi kusikia nikisema ndimu inanituliza. Sijui alikuwa anazikatia wapi.

Masika yakaingia. Alhamisi moja Mwalimu Edina alikuja na kiti cha magurudumu, mumewe akikisukuma. Macho yake yalikuwa ya njano. Daktari alimwita ndani, wakakaa muda mrefu, na alipotoka hakuletwa kwenye viti vya dripu. Nilimfuata hadi koridoni.

"Mwalimu, leo hupati dawa?"

"Wamesema tupumzike kidogo," akasema. "Usilegee. Nitakuuliza kwa simu."

Akanishika kidole kimoja, kile cha mwisho, akakibana. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Mumewe, Baba Alinda, mwanamume mpole wa maneno machache, akanitazama kisha akatazama pembeni.

Alhamisi ya dripu iliyofuata niliambiwa amelazwa. Nilipanda wodini na dripu yangu bado inaning'inia kwenye mti wake wa chuma, nikiusukuma. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Nilisimama hapo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi mmoja, akaniambia, "Umechelewa mjukuu wangu. Wamemchukua jana." Nilidhani anasema wamemrudisha nyumbani. Nikauliza, "Segerea?" Yule bibi akajifunika kanga usoni.

Mvua ilikuwa kubwa, barabara ya kwetu imejaa maji, na mie chembe zangu nyeupe za damu, zile za kinga, zilikuwa chini. Daktari alinikataza kwenda kwenye mkusanyiko wa watu. Kwa hiyo sikumzika. Mtu usiyemwona akifukiwa, moyo unabaki na mlango wazi. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha dripu, nikahisi kuna macho yanatazama dari kiti cha pembeni. Nikigeuka, ni mtu mwingine kabisa, mgeni wa benchi, ananitolea macho ya woga yale niliyokuwa nayo vuli.

Siku chache baada ya mazishi, mchana, nilikuwa nimelala mkekani sebuleni na mama anachambua mchele. Simu ikalia. Nikaangalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Mwalimu Edina.

Sijui nikuelezeje. Nilibonyeza kwa sababu kidole kilikwisha kubonyeza.

"Somoe. Swali la leo." Sauti ilikuwa yake, ila imekauka, na nyuma yake gari la kusukumia chakula wodini linalia magurudumu. "Mgonjwa wako amekushika mkono. Anakuuliza, daktari, nitapona? Na wewe unajua kwamba haponi. Unamjibu nini?" Akapumua muda mrefu. "Usinijibu leo. Leo nimechoka. Utanijibu kesho."

Mama aliacha kuchambua. "Nani huyo?"

"Mwalimu Edina."

"Si ulisema kafa?"

"Kafa."

Mama akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akisoma aya kwa sauti ya chini. Mie nilibaki na simu mkononi. Nikaenda chini ya ujumbe ule, nikaandika "Mwalimu?" nikafuta.

Tangu siku hiyo sikujiandaa tena. Nikifungua mdomo kufanya mazoezi, swali lile linatangulia, nalo halina jibu. Hawa alikuja akaweka stuli mbele ya kioo, nikakataa kukaa. Sikutaka kutazama kwenye kioo kile. Sikutaka kuona shingo yangu, wala yule niliyehisi amekaa nyuma yangu. Nilianza kufikiri kwamba mama alikuwa sahihi, kwamba kuna nyumba ukibisha hodi mara mbili unafunguliwa, na hutoki.

Dripu ya mwisho niliipata kipupwe kikianza. Watu wanadhani siku hiyo mtu hufurahi. Mie nilitoka nje na ndimu za baba mkononi, nikajisikia kama mtu aliyeteremshwa mahali asipopajua. Picha zilipigwa, daktari yule kijana akasema tezi zimesinyaa zote, hakuna kilichobaki kinachoonekana. Safari hii alimtazama mama usoni. Nilisikia neno "kinachoonekana" tu. Ukipitia haya nawe, utakuta furaha inachelewa. Usiidai.

Juma lile Baba Alinda alipiga simu, akaomba kuja. Alifika Charambe Jumapili mchana, shati limepigwa pasi, akakaa ukingoni mwa kochi. Mama akamletea chai. Baada ya salamu na pole, akakisogeza kikombe pembeni.

"Nimekuja na ombi," akasema. "Simu ya Mama Alinda imekufa, haiwaki tena. Fundi amesema hakuna kinachotoka. Mimi sina sauti yake. Picha ninazo. Sauti sina. Mtoto ameanza kuniuliza mama alikuwa anaongeaje. Mama yake alikuwa akikutumia maswali. Kama hukuyafuta."

"Sijafuta hata moja," nikasema. Kisha nikajikaza. "Baba Alinda, kuna moja lilikuja baada ya yeye kufariki."

Akafunika uso kwa viganja.

"Lile lilikuwa kosa langu," akasema. "Alilirekodi asubuhi ya mwisho aliyoweza kukaa. Bando lilikuwa limeisha. Akanambia, niwekee bando, Somoe anasubiri. Nikasema sawa, nikaenda kumfuata daktari, nikasahau. Baada ya kuzika niliweka bando ili niwashukuru watu, simu ikaanza kutuma yenyewe. Nikaona jina lako linapita. Nikashindwa kukupigia."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaketi chini palepale.

Nilimtumia Baba Alinda sauti zote, moja baada ya nyingine, tukiwa tumekaa. Akaomba asikilize moja hapo hapo. Nikachagua lile la mgonjwa aliyeota ndoto mbaya, alilolirudia kwa simu, ambalo mwishoni Mwalimu anacheka. Likajaza sebule. Baba Alinda alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hoja. Lilipoisha akasema, "Ndiyo. Ndivyo alivyo," akaomba ruhusa ya kuondoka.

Mama alikuwa amenisikia nikisailiwa kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima. Alinisikia nikijibu pia, maana baada ya kila swali nilizoea kumtumia jibu langu kwa sauti, na jibu la swali lile nalo lilifuatia. Jioni aliniita uani.

"Kaa," akasema. Akavuta kigoda chake kingine. "Mie sikusoma. Lakini nina swali."

"Uliza, mama."

"Siku ile ya yule kijana wa viatu. Ingekuwa wewe ndiye umekaa kile kiti chake, na mie ndiye mama mtu. Ungenambia vipi?"

Nilitaka kutafuta maneno ya jopo. Hayakuja. Nikasogeza kigoda changu hadi magoti yetu yakagusana, nikamshika mikono, ikiwa bado ina unga wa mchele.

"Ningekwambia, mama, mwanao ana saratani. Ningenyamaza ulie. Ningekaa hadi umalize, halafu ndiyo ningekwambia ya dawa."

"Ungekaa?"

"Ningekaa."

Mama akalia pale, kilio cha mwaka mzima alichokuwa akikificha kwenye masufuria. Nikakaa. Baadaye alijifuta uso na ncha ya kanga, akasema, "Nilikutamkia neno baya siku ile. Nilikuwa naiogopa hospitali, ukawa wewe ndiye uliye karibu." Sikumjibu kwamba nimelisahau, kwa kuwa sikulisahau. Nilimwambia tu, "Najua, mama."

Chuo kiliniita tena kipupwe kikiisha. Nywele zangu zilikuwa zimeota fupi, laini kama za mtoto mchanga. Hawa alinisindikiza. Chuo kile kina hospitali yake, na ili kufika chumba cha usaili unapita korido ya wagonjwa wa nje. Walikuwa wametoka kupiga deki. Harufu ilinipata hatua chache baada ya mlango. Nilikimbilia nje, nikatapika kwenye maua, Hawa ameshika ushungi wangu usichafuke.

"Turudi nyumbani, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Si lazima. Kuna kozi nyingi."

Nilijisuuza kinywa na maji ya chupa. Nilifikiri kweli kurudi. Halafu nikaona watu wa kwenye benchi la korido, wamekaa na chupa zao za uji, wote wanaipumua harufu ileile kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Nikaingia, nikapita mbele yao nikipumulia mdomo.

Jopo lilikuwa la watu watatu, wanaume wawili na daktari mmoja mama mtu mzima mwenye mvi. Pembeni mwao palikuwa na kiti cha nne, kitupu. Waliniuliza habari zangu na masomo yangu, nikajibu. Waliniuliza mwaka uliopita nilikuwa wapi, nikawaambia: saratani ya tezi, dripu tangu vuli hadi kipupwe. Mwanaume mmoja akaacha kuandika.

"Unamtazama nani?" yule mama akauliza ghafla.

Sikujua kwamba nilikuwa nakitazama kile kiti. "Samahani, daktari. Kuna mwalimu alinisaili mwaka mzima. Nimezoea awepo."

"Yuko wapi?"

"Alifariki masika. Tulikuwa tunapata dawa pamoja."

Yule mama alivua miwani, akaifuta. Nilidhani nimeharibu.

"Nitakuuliza bila kuzunguka," akasema. "Masomo haya ni marefu. Ugonjwa ukirudi mwaka wa tatu, itakuwaje?"

Mwili wote ulikuwa unataka kusema hautarudi. Nikasema, "Ukirudi nitatibiwa tena, na nitasimamisha masomo kwa muda. Siwezi kuwaahidi kwamba hautarudi. Hata mie sijaahidiwa. Lakini nikiusubiri bila kufanya kitu, utakuwa umenipata hata usiporudi."

"Na hapo nje? Tumekuona dirishani."

"Nikisikia harufu ya hospitali natapika," nikasema. "Daktari wangu amesema kwa wengi hupungua. Ikichelewa, nitakuwa natapika kisha narudi ndani. Kama leo."

Hakutabasamu. Akaandika. Nikaambiwa niende.

Nilipata nafasi. Jina lilipotoka, mama alitoka barazani na sinia la vitumbua, akamwambia jirani wa kwanza aliyepita, "Mwanangu amepata udaktari. Alikuwa na saratani, si vidonda vya tumbo." Akalirudia kwa wa pili na wa tatu. Baadhi walibaki wamekishika kitumbua mkononi.

Sasa niko mwaka wa kwanza. Siku tuliyoingia mara ya kwanza kwenye chumba cha maiti za kujifunzia, wenzangu waliogopa uso. Mie niliogopa mikono, nikikumbuka ule wa Mwalimu ulionibana kidole. Nilisimama upande wa miguuni hadi mwalimu wa somo akaniita nisogee. Nilisogea. Harufu bado inanigeuza, si kila siku. Swali la mwisho la Mwalimu Edina sijalijibu. Najaribu majibu, yote yana kasoro, na zipo asubuhi naamka nikiwa nimeshika shingo yangu kwa vidole viwili, natafuta, kabla sijajua hata ni siku gani.

Alhamisi ijayo nina kipimo cha miezi sita tangu dripu ya mwisho. Mchana wake nina mtihani wa anatomia. Nimejiandaa kwa vyote viwili kadiri nilivyoweza, na vyote viwili naviogopa. Nitafika hospitali mapema, bila koti jeupe, nitakaa kwenye benchi na wengine. Ukinikuta pale na hujui uketi wapi, njoo. Nitasogea.